Lebo ya +msa1 Inavyozuia Viraka vya Usalama

Ndugu zangu wa Mombasa, haya nayarudia kila tukikutana, na nitaendelea, maana vifurushi vya programu vyenye lebo ya +msa1 kwenye namba ya toleo bado vimo kwenye seva zetu.

Mmechukua kifurushi cha Debian 12, mfumo endeshi wa seva zetu, tuseme toleo 4.2.1-3, mkarekebisha mistari miwili, mkakiita 4.2.1-3+msa1. Kwa macho ni sawa kabisa: kilikotoka kinajulikana, na aliyekigusa anajulikana. Kisha tundu la usalama linagunduliwa, Debian wanatoa 4.2.1-3+deb12u1. Mnaendesha apt upgrade, amri ya kusasisha vifurushi, hakibadiliki kitu. Kwa nini? Baada ya 3+, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, hulinganisha herufi, na m iko nyuma ya d katika alfabeti. Kwake, chenu ndicho kipya zaidi. Hamna onyo, hamna kosa kwenye logi, na tundu li wazi.

Fungueni kompyuta mjaribu, tafadhalini:

dpkg --compare-versions 4.2.1-3+msa1 gt 4.2.1-3+deb12u1; echo $?

Jibu ni 0, yaani ndiyo.

Dawa ni lebo inayotangulia deb kwa alfabeti. Chukueni +bahari1: inaishinda 4.2.1-3 tupu, ila inashindwa na +deb12u1. Najua mtasema, "Basi marekebisho yetu yatafutika!" Ndiyo, yatafutika, na afadhali yafutike kuliko seva kuvamiwa. Chukueni msimbo mpya, tieni marekebisho yenu upya, mkiite 4.2.1-3+deb12u1+bahari1. Ikija deb12u2, itapita bila kizuizi.

Na yule anayetaka tupandishe tu iwe 4.2.2-1? Hapana, jamani! 4.2.2 ni namba ya watunzi wa programu. Siku wakiitoa yao, ikapakiwa kama 4.2.2-1, kutakuwa na vitu viwili vyenye jina moja, na anayesaka hitilafu atasoma msimbo ambao seva haiutumii.

Muda umekwisha, haya mengine upesi. Toleo la majaribio ni 1.0~rc1, si 1.0rc1: bila kile kiwimbi (~), dpkg itaiona 1.0 kamili kuwa ya zamani na apt haitaipandisha. Msimbo uliochukuliwa kwenye git, ghala la msimbo, uwekewe tarehe kabla ya hashi (kitambulisho cha kila badiliko), kama +git20240510, kwa sababu hashi hazifuati mpangilio wowote. Na ile namba ya mbele ya nukta mbili, kama 1 katika 1:4.2.1, msiiguse kabla ya kushauriana: ikishaingia, kila toleo litakalofuata lazima liibebe.