Kipindi cha wiki: Kitambaa juu ya meko

NJERI: Mutiso, weka hiyo karatasi yako kando kwanza. Jumatano nimeitwa Limuru, nyumba ya zamani ya mawe, nipambe rafu ya meko ya sebuleni kwa Krismasi. Naingia, nakuta kitambaa.

MUTISO: Usiniambie.

NJERI: Cheupe, cha kroshia, kimelala rafu nzima. Pindo linaning'inia mpaka mdomoni pa meko.

MUTISO: Mkenya hawezi kuvumilia kitu kikae uchi. Runinga, kitambaa. Redio, kitambaa. Hata mtungi wa gesi nimeuona umevaa.

NJERI: Na sikukitoa.

MUTISO: Dada!

NJERI: Kina kazi. Matawi mabichi ya saiprasi tunayopambia yanatoa utomvu, na ukishaganda juu ya vanishi, ukiukwangua unaondoka na vanishi yenyewe. Kitambaa kinakinga. Nilikirudisha nyuma tu, kikaishia inchi 2 kabla ya ukingo wa rafu. Mbele usipite hata uzi.

MUTISO: Ni pamba au akriliki?

NJERI: Chomoa uzi mmoja, kauchome nje. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Akriliki inayeyuka, inajikunja, inabaki tone gumu. Hicho cha akriliki kirudi kwenye kiti.

MUTISO: Kiti chenyewe tayari kina vitatu. Haya, orodha. Kwanza koja, lile shada refu la matawi ya saiprasi linalolala rafuni. Rafu ikiwa futi 5, usikate kamba ya futi 5. Ongeza futi moja na nusu ya kuning'inia kila upande, na futi moja ya kulegea. Hiyo ni 9. Tumia kamba ya katani, maana kwenye nailoni waya unateleza.

NJERI: Na matawi yakatwe jioni, yalale ndani ya ndoo ya maji kivulini. Asubuhi yakung'ute nje kabisa, kama hutaki buibui sebuleni.

MUTISO: Unafunga vishada vya vijiti vitatu, kila kijiti shubiri moja. Waya mwembamba, mizunguko mitatu, na kishada kinachofuata kifunike nusu ya kilichotangulia. Futi 9 zinakula vishada 27 hivi. Wengi wanafunga kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ndiyo maana upande mmoja majani yanaangalia juu kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Anzia ncha zote mbili, mkutane katikati. Kiungo unakificha kwa utepe.

NJERI: Kisha unatundika kwa zile kulabu za gundi...

MUTISO: Zinaanguka! Joto linalegeza gundi, na jiwe la meko lina vumbi na masizi, gundi inashika vumbi badala ya jiwe. Tafuta ubao wa inchi 2 kwa 1, mfupi kidogo kuliko rafu. Pigilia misumari 5, ulaze nyuma, weka tofali kila mwisho, kwa sababu ncha zinazoning'inia ndizo zinazovuta. Koja unalifunga kwenye misumari.

NJERI: Na tofali unalifunika na nini?

MUTISO: Njeri.

NJERI: Sema.

MUTISO: Kitambaa. Kile kidogo cha mkono wa kiti.

NJERI: Asante!

MUTISO: Ila koja likishapanda, moto usiwashwe. Basi.

NJERI: Hapo hatuelewani. Baridi ya Limuru usiku unaijua. Rafu pana, koja limelala nyuma, ncha ziko mbali na mdomo. Washa moto mdogo wa kuni kavu, baada ya nusu saa weka kiganja ukingoni. Kikivumilia, endelea.

MUTISO: Kiganja kinapima leo. Tawi lililokatwa halinywi tena, kesho ni kavu kuliko leo, na utomvu bado umo ndani.

NJERI: Linanyunyiziwa maji.

MUTISO: Yanakaa juu ya jani, yanakauka. Cheche moja ikiruka...

NJERI: Wavu wa mbele ni wa nini?

MUTISO: Wavu unazuia cheche, hauzuii joto. Ukitaka moto, lishushe koja, litundike mlangoni, rafuni ubakize vyungu na matunda ya msonobari.

NJERI: Hata hayo matunda yana utomvu, mwalimu.

MUTISO: Basi vyungu peke yake.

NJERI: Sasa mtu amejenga meko, amelipa fundi wa dohani, Krismasi ifike akae amevaa sweta akitazama vyungu? Mimi nitawasha.

MUTISO: Na mimi sitawasha. Taa ndogo za betri zinatosha mle ndani.

NJERI: Hazipashi mtu joto.

MUTISO: Hazichomi nyumba.

NJERI: Tunaambiwa dakika mbili. Kwenye karatasi yako kumebaki nini?

MUTISO: Soksi, mishumaa, rangi, waya za taa, na jinsi ya kushusha kila kitu Januari. Soksi haraka: uzito wake ukizidi tofali...

NJERI: Haitoshi. Hayo wiki ijayo.

MUTISO: Wiki ijayo Krismasi imepita.

NJERI: Basi tuanze na kushusha.