Kwilti ya ghala kwenye ukuta wa nyumbani: tuanze na pindo, nyota itafuata

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za Jumamosi. Asanteni sana kwa kuja kukaa humu gereji kwenye viti vya plastiki, naona na watoto wamekuja, safi kabisa, watoto tutawahitaji mbele huko kwenye penseli.

Sasa nianze hivi. Ukitoka hapa Columbus, jimbo la Ohio, ukashuka kusini kuelekea mto Ohio, ukishayaacha magodauni na mataa ya barabarani, unaanza kukutana na maghala ya wakulima, yale ya mbao, marefu, mengine yamepauka mpaka huwezi kujua zamani yalikuwa rangi gani, na pale juu chini ya pembetatu ya paa kuna kitu cha mraba kimepakwa rangi, nyota au pembetatu zimepangana, nyekundu bluu njano, unakiona ukiwa mbali kabisa. Wangapi mmeviona? Naam, karibu wote. Wangapi mnajua ni nini? ... Basi ndo tumekuja kwa hilo.

Wenyeji wanaita bani kwilti, sisi tuseme kwilti ya ghala. Kwilti yenyewe mnaijua, lile blanketi linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa, viraka viraka, mabibi wa huku wamelishona miaka na miaka. Kwilti ya ghala haina kitambaa, ni kiraka kimoja tu cha blanketi hilo, kikakuzwa, kikapakwa rangi juu ya mbao. Zile za maghalani kwa kawaida ni futi 8 kwa futi 8, yaani mbao mbili za plaiwudi zimesimamishwa pamoja. Ya nyumbani tunayofanya leo ni futi 2 kwa futi 2, inakaa barazani, juu ya mlango, kwenye fensi, hata sebuleni.

Na haijatoka mbali. Imeanzia Adams County, humu humu jimboni, kama masaa mawili kwa gari kutoka hapa tulipo. Kulikuwa na dada anaitwa Donna Sue Groves, yeye na mama yake, mama Maxine, walinunua shamba kule mwaka 1989, na shamba lilikuja na ghala la tumbaku, ghala lisilopendeza hata kidogo. Mama Maxine alikuwa mshonaji wa kwilti. Donna akamwambia mama, ghala hili nitakupakia kiraka cha kwilti, lipendeze, liwe lako. Akaahidi. Miaka ikapita, kazi nyingi, ahadi imekaa tu, nadhani kila mmoja humu anayo ahadi ya namna hiyo kwa mama yake. Mpaka marafiki na watu wa maendeleo ya eneo wakamsukuma, wakakaa wakasema kwa nini liwe ghala moja, tupake maghala mengi, watu waje waendeshe gari wayatazame, wakulima wadogo na mafundi wapate wateja. Cha kwanza kilizinduliwa mwaka 2001 kwenye shamba moja la mimea ya dawa na viungo, mchoro wa Nyota ya Ohio. Cha mama Maxine nacho kikapakwa baadaye, Njia ya Konokono ndo jina la mchoro. Kutoka hapo ikaenda Iowa, ikaenda Kentucky, Tennessee, ikavuka mpaka Kanada, leo kuna ramani za kuzungukia mashamba kutazama hizi bodi tu.

Kwa hiyo mnaona, mzizi wake ni binti anataka kumfurahisha mama yake. Hilo naomba mlishike, kwa sababu watu wengi wanaanza na swali la rangi gani na mbao gani, mi nasema anza na hii ya nani. Ukishajua ya nani, mchoro unakuja wenyewe.

Mnauliza majina ya michoro? Subirini kidogo mama, nakuja hapo. Michoro hii yote ina majina, Wayo wa Dubu, Kibanda cha Magogo, Bata Bukini Warukao, Nyota ya Ohio. Mi nilivyosikia hivyo nikajua hii kitu naielewa, maana sisi nguo yetu nayo haiendi bila jina. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukinunua kanga dukani swali la kwanza la shangazi siyo bei, ni imeandikwaje? Nilipomaliza bodi yangu nikampigia mama Tanga kwa video, nikaigeuza simu aione, akaitazama akanyamaza, halafu akauliza, jina lake nani? Nikamwambia Nyota. Akasema mbona haina pindo. Alikuwa sahihi, sikuweka pindo, nilijaza mchoro mpaka ukingoni, na ndo maana leo nawafundisha na pindo, na mtaona kwamba pindo halipendezeshi tu, linakuokoa kwenye hesabu.

Haya. Mbao kwanza. Msichukue plaiwudi yoyote. Hapa nina uchungu wangu, niwaambie. Bodi yangu ya kwanza kabisa nilienda duka la vifaa, kijana wa dukani akaniambia hii ya bei ya chini inatosha, ukipaka rangi haitaingia maji. Nikaiamini. Niliipaka usoni vizuri, mgongo nikauacha, kingo nikaziacha. Ilikaa nje majira ya baridi moja tu. Theluji ikayeyuka maji yakaingia kwa pembeni, tabaka za plaiwudi zikaanza kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, kona ya chini ikavimba, rangi ikapasuka pale pale kwenye ncha ya nyota. Wiki tatu za kazi. Niliumia sana.

Mbao inayofaa inaitwa MDO, herufi tatu tu, uliza hivyo hivyo. Ni plaiwudi iliyobandikwa karatasi ngumu yenye gundi usoni, ndo ile wanayotengenezea vibao vya nje, laini kama meza, rangi inakaa. Unene nusu inchi. Inauzwa kipande kizima futi 4 kwa 8, ghali kidogo, lakini kinatoa bodi 8 za futi 2, kwa hiyo nyie mkichanga watu wanane kipande kimoja kinawatosha, na madukani wengi wanakukatia. Ila msumeno nao unakula mbao, kama sehemu ya nane ya inchi kila unapopita, kwa hiyo ile bodi yako ya inchi 24 ukiipima utakuta haifiki 24. Usishtuke, pindo litalimeza hilo.

Ukishakatiwa, piga msasa kingo, futa vumbi na kitambaa kibichi, acha ikauke. Halafu praima ya nje, ile rangi ya kuandalia mbao, mikono miwili, yaani unapaka mara mbili, mbele, nyuma, na kingo, kingo hasa, kingo zipake hata mara tatu. Mimi sasa hivi kingo nazipaka kabla ya uso.

Sasa watoto sogeeni na penseli. Tunachora Nyota ya Ohio. Tafuta katikati ya bodi, halafu chora mraba wa inchi 21 kwa 21, kila upande itabaki kama inchi moja na nusu, hilo ndo pindo. Kwa nini 21? Kwa sababu nyota hii ni viboksi tisa, vitatu kwa vitatu, na 21 gawa kwa 3 ni 7 kamili, hamna desimali hamna kichwa kuuma. Kabla hujaendelea pima ulalo, kona hadi kona, halafu kona nyingine hadi kona nyingine. Zote mbili lazima zilingane, inatakiwa iwe inchi 29 na robo tatu kasoro kidogo sana. Zikipishana mraba wako umelala, futa urudie, usiseme itaenda tu, haitaenda, mstari ukipotea kidogo hapa ukifika kona ya pili ncha za nyota hazikutani na mtu aliyeko barabarani anaona.

Chora viboksi tisa. Vya kona vinne viache hivyo. Cha katikati kiache. Vile vinne vya ubavuni, juu, chini, kulia, kushoto, kila kimoja kipige mistari miwili ya ulalo kama X, kinatoka na pembetatu nne. Jumla vipande 21, wahesabishe watoto. Sasa angalia kiboksi cha juu, pembetatu ya kushoto na ya kulia ndo miguu ya nyota, ya juu na ya chini ni mandhari. Kiboksi cha ubavuni unakigeuza, juu na chini ndo miguu. Katikati ni rangi ya nyota au rangi yako ya tatu. Andika herufi ndogo kwa penseli kila kipande, N nyota, M mandhari, maana ukishabandika tepu akili inachanganyikiwa, unapaka pasipo pake.

Rangi ni ile ya maji ya nje, akriliki. Makopo madogo ya sampuli yanatosha ila hakikisha imeandikwa ya nje. Anza na rangi hafifu, malizia na iliyokolea. Njano inafunika vibaya, ihesabie mikono mitatu. Na usipake kukiwa na baridi chini ya nyuzi 10 za selsiasi, haishiki.

Hapa kwenye tepu naomba mnisikilize kuliko pote. Chukua tepu ya wapaka rangi, bandika nje ya mstari, siyo juu ya mstari, halafu pitisha kucha au kadi ya benki ya zamani ukingo wote. Halafu, kabla ya rangi mpya, paka ukingo wa tepu kwa rangi ile iliyoko chini tayari. Kama chini ni nyeupe, paka nyeupe. Mnanielewa? Rangi itakayopenya chini ya tepu itakuwa nyeupe juu ya nyeupe, haionekani, na tundu linakuwa limezibika. Ikikauka ndo unapaka nyekundu yako, mkono wa kwanza mwembamba, ukauke, mkono wa pili, na kabla wa pili haujakauka kabisa unaivuta tepu taratibu ukiirudisha nyuma, siyo kuinyanyua juu. Hapo mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe. Hicho kidogo tu, hiyo hatua ya kuziba, ndo inatofautisha bodi ya fundi na bodi inayotoa meno meno. Na vipande vinavyogusana usivipake siku moja, paka kimoja ruka kimoja, kesho urudi. Ndo maana nasema wikiendi mbili, anayetaka kumaliza leo atakasirika bure.

Swali la dada pale nyuma, vanishi. Mi siweki. Rangi nzuri ya nje inajitosha, na vanishi ya bei rahisi inageuka njano. Nyekundu itapauka mbele ya jua, hilo likubali, baada ya miaka kadhaa unairudishia.

Na kaka anauliza sisi wapangaji je. Swali zuri, wengi wetu tuko apatimenti. Usitoboe ukuta wa nje bila kumuuliza mwenye nyumba, muandikie meseji ubaki na jibu lake. Akikataa weka ndani, au barazani iegemeze tu kwenye ukuta juu ya kiti. Wenye nyumba zenu, skrubu za nje zisizoshika kutu, tundu nne kwenye pindo, na nyuma weka vipande vidogo vya mbao ili bodi isigandamane na ukuta, hewa ipite, maji yashuke. Vichwa vya skrubu vipake rangi kidogo, vinapotea.

Michoro siyo lazima iwe ya wenyeji. Mama mmoja wa hapa kwetu anataka kupaka ukili wa mkeka wa Pemba, ule wa pembe pembe, nimemwambia ni viboksi na ulalo vile vile, anaweza kabisa. Na pindo ukitaka kuweka jina liweke, herufi kubwa, zisomeke kutoka barabarani. Mimi ya mama naifanya upya, safari hii pindo jeusi, na jina ameshanipa mwenyewe, ila nitaliandika mwisho.

Haya simameni basi. Meza ile ya dirishani bodi nane zimeshapigwa praima jana usiku, zimekauka. Rula ndefu ziko mbili tu, tutapokezana. Watoto na penseli mbele, wakubwa shikeni bodi zisitembee, na kabla mtu hajagusa tepu aniite nimpimie ulalo.