Uchi si Utupu

Asanteni kwa kuja, na poleni na mvua. Juzi nilikuwa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria kule Kisumu, nangoja samaki wangu, ngege, akaangwe. Wavuvi wawili walikuwa wakioga ziwani. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Mama, ona! Wako uchi!" Mamake akamfinya sikio. "Sema hawana nguo."

Neno lenyewe lilimkera nini? Kwa Kidholuo, lugha yetu Wajaluo, tuna duk, nayo ni hali tu ya kutovaa. Uchi ni hali, lakini pia ni zile sehemu zenyewe. Mwalimu wa madrasa akifundisha kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, anataja eneo la mwili. Basi mchezaji wa mpira aliyevaa kaptura fupi hayuko uchi, na bado uchi wake uko nje! Chekeni, lakini ndiyo sarufi yetu.

Maana uchi ni nomino. Husemi mtu muchi wala watu wauchi. Neno lenyewe limekataa kuvaa kiambishi. Tupu ndiyo huvaa: mikono mitupu, maneno matupu. Tupu kwanza ni ukosefu, kama debe lisilo na kitu. Kutoka hapo tukapata utupu wa mwili, na tukapata pia kisichochanganywa: ukweli mtupu, uongo mtupu. Nyota tunaiona kwa macho matupu. Jaribu kusema "macho uchi" uone utakavyotazamwa. Najua wapo wanaoziita sehemu hizo tupu. Hiyo ni adabu ya mdomo tu.

Uchi na tupu ni maneno yetu ya Kibantu. La kufunika, sitara, tulilikopa kwa Waarabu.

Kwangu mimi, uchi ni kitu mtu anacho, ndiyo maana kinafichwa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema: mbele ya mkunga hakuna cha kuficha. Siku hizi anaambiwa hivyo hata mwenye deni asiyetaka kulitaja. Ila "uchi wa mnyama" sijawahi kuupenda. Ng'ombe ana nini cha kuficha?

Halafu kuna ile ya muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya vitabuni. Wale wavuvi wa Dunga, waliposikia sauti ya mtoto, hawakukimbilia suruali zao zilizokuwa juu ya mtumbwi. Walichutama palepale, maji yakawafika shingoni, wakaendelea na mazungumzo yao.