Yesu Hakujifanya Mtu

Ndugu zangu, uungu wa Kristo leo siutetei. Mnaukiri wenyewe kila Jumapili: Mungu kweli kwa Mungu kweli. Kesi ya Arius, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, iliamuliwa na maaskofu kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325, siirudii. Ugomvi wangu ni na ninyi mnaoukiri uungu huo, kisha ubinadamu wake mnaupita mbiombio kama mtu anayepita duka analodaiwa.

Chukueni Marko 13:32. Kwenye mihadhara ya viwanjani, ustadhi akishashika kipaza sauti kuonesha Yesu si Mungu, aya hiyo ya siku ya mwisho haikosi: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba. Mhubiri wetu hujibu nini? "Alijua, ila alijifanya hajui." Na makofi mnampigia! Mnamshangilia mtu aliyemfanya Bwana kuwa mwongo ili ashinde mjadala wa jioni moja. Leo alijifanya hajui. Kesho mtasema alijifanya ana njaa, alijifanya amechoka pale kisimani Samaria. Keshokutwa je? Alijifanya anakufa? Hapo Pasaka mtaadhimisha nini?

Kosa hilo lina mwenyewe. Apollinaris, askofu wa Laodikia ya Siria, hakuwa adui wa Nisea. Alikuwa mtetezi wake, tena mkali. Aliona akili ya mwanadamu ndiko dhambi inakozaliwa, basi ili Kristo abaki safi akamwondolea akili hiyo: mwili ni wetu, lakini pahali pa akili amekaa Neno, yaani Mwana wa Mungu. Askofu Gregory wa Nazianzus akamjibu kwa ufupi: kisichotwaliwa hakikuponywa, yaani asichokichukua Kristo kuwa chake, hakukiponya. Hebu ipimeni hoja hiyo pale bustanini Edeni. Kilichoanguka kwanza ni mkono uliochuma tunda, au akili na utashi vilivyoutuma mkono? Kama ugonjwa uko akilini, na akili hakuitwaa, basi ametibu mkono na ugonjwa akauacha ulipo. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukayakataa mafundisho ya Apollinaris, nasi bado tunayahubiri kwa spika.

Najua kuna anayenung'unika huko nyuma: ajuaye yote atakosaje kujua? Swali halali. Ila usilijibu kwa kusema "Yesu mtu hakujua, Yesu Mungu alijua", kana kwamba wako wawili. Hapo umemkimbia Apollinaris ukaangukia kwa Nestorius, aliyeshtakiwa kumgawa Kristo kuwa wawili. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulisema Nafsi moja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Kwa hiyo ukisoma Injili, anza na swali hili: nani ametenda? Jibu halibadiliki, ni Mwana. Ndipo uulize, kwa asili ipi? Yohana 11: aliyelia machozi na aliyemwita Lazaro, maiti wa siku nne, ni yule yule. Alilia kwa asili yetu. Alimfufua kwa uweza wa Mungu, na sauti iliyoita ilitoka katika koo la mtu. Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyepambana na mafundisho ya Arius maisha yake yote, hakuona haya kusema kwamba Mwana anajua kama Neno, na hajui kama mtu. Wapo mababa walioieleza aya hii vingine, lakini hakuna haja ya kumsingizia Bwana maigizo. Luka 2:52 inasema alizidi kuendelea katika hekima. Asiye na akili ya kibinadamu ataendeleaje katika hekima?

Naoneshwa saa. Haya, utashi, upesi: "Si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Angekuwa na utashi wa kimungu peke yake, sala ya Gethsemane ingekuwa ya nani? Mtawa Maximus Muungama alikatwa ulimi na mkono wa kuume mwaka 662 kwa kushikilia kwamba Kristo ana utashi wa kibinadamu pia, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukathibitisha alichofundisha. Mtaguso wa Efeso wa 431, uliothibitisha Maria kuitwa Mama wa Mungu, sitaufikia. Na ule mfano wenu wa barafu, maji na mvuke kuhusu Utatu, ni Sabellius huyo, aliyefundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni sura tatu tu za Nafsi moja, uacheni. Maswali.