Tuache Kuwapima Watu Imani

Wapendwa, nitalirudia hili hata kama mmelisikia kwangu mara ngapi. Tuache kuwapima watu imani, kumwambia asiyejibiwa maombi kwamba imani yake ni ndogo.

Twende Matendo ya Mitume 12. Herode amekwisha kumwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Sasa ni zamu ya Petro. Amefungwa minyororo miwili, amelala katikati ya askari wawili. Vikosi vinne vya askari wannewanne vimepangwa kumlinda. Askari 16 kwa mvuvi mmoja! Nalo kanisa linamwombea kwa juhudi. Usiku huohuo malaika anamtoa. Petro huyo, mpaka nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, anabisha hodi. Binti Roda anaitambua sauti. Kwa furaha anasahau hata kufungua lango, anarudi ndani mbio: Petro yuko nje! Wanamjibuje? “Una wazimu.”

Hebu tutulie hapo. Magoti yao yako chini kwa ajili ya Petro, Petro yuko langoni anagonga, nao wanabishana na binti! Anapokaza wanasema, “Ni malaika wake.” Na Petro anazidi kugonga. Mungu hakungoja imani yao ijae ndipo afungue gereza.

Najua kuna aliyekwisha kufungua Waraka wa Yakobo, sura ya 1, “aombe kwa imani, pasipo shaka yoyote.” Amina. Shuka basi mpaka mstari wa 8: anayekemewa pale ni mtu wa nia mbili, si mtu wa imani ndogo. Yule baba wa Marko 9, aliyemleta kwa Yesu mwanawe mwenye pepo, alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akapona. Je, Yesu alimrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza?

Nimeketi na mama aliyetoka kumzika mtoto. Kitambaa kimelowa mkononi, anakikunja na kukikunjua. Akaniuliza, “Mchungaji, ni kweli mwanangu amekufa kwa sababu imani yangu ilikuwa ndogo?” Aliambiwa hivyo msibani, na muumini mwenzake! Jamani! Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini, yaani taabu iliyomtesa, umtoke, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha.” Nani atamwambia Paulo imani yake ilipungua?

Habari ya kumalizia nilikuwa nayo, lakini muda umekwisha. Wewe uliyechoka kuomba, usijilazimishe kusimama, kaa hapohapo. Aliye karibu yako atakuombea. Tuombe.