Mstari wa 10 tunaouruka

Bwana asifiwe wapendwa. Asifiwe tena. Haya kaeni, leo siendi mbali, tufungue Yeremia 29, na najua kuna mtu ashaanza kuusema mstari wa 11 kichwani kabla hajafika, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, manake ndo huo tunaweka kwenye stetasi, ndo huo tunamtumia mtu akifiwa, akiachishwa kazi. Sawa. Ila wa 10 nani anaukumbuka?

Kimya. Mmeona.

Wa 10 unasema miaka 70. Yaani Wayahudi wamechukuliwa mateka, wako Babeli, wanaletewa barua ya nabii Yeremia, Mungu anasema nitawarudisha, ila miaka 70 iishe kwanza. Piga hesabu, kama una miaka 40 siku unasomewa hiyo barua basi wewe hurudi, labda mjukuu. Na hiyo eti ni barua ya faraja!

Sasa rudi nyuma kidogo sura ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania, yeye anasema miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vinarudi, watu wanarudi, akaichukua ile nira ya mti aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja mbele ya watu wote. Mi ningekuwepo ningempigia makofi, nasema ukweli, nani achague 70 na kuna mtu anatoa 2? Hata Yeremia alisema amina, Bwana na atende hivyo, na hapo huwa nasimama kila nikisoma, kumbe naye alitamani iwe hivyo. Ila kutamani sio kuahidiwa. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Wengi wetu tunaosema Mungu katuangusha, tulimwamini Hanania. Tuliambiwa mwezi huu hauishi hujapona, mwezi ukaisha, ugonjwa uko palepale, tukamnunia Mungu kwa maneno ambayo hakuyasema yeye.

Na barua yenyewe inawaambia wafanye nini? Mstari wa 5, jengeni nyumba, pandeni bustani, wa 6 oeni mzae, alafu wa 7 uombeeni amani huo mji, Babeli hiyohiyo iliyowateka (huu nao hatuuweki kwenye stetasi). Kumbe mtu anaweza kuiamini ahadi kabisa na bado akawa anachimba shimo la mti kwenye nchi asiyoipenda. Yule anayeuguza mzazi mwaka wa sita sasa, na kila asubuhi anamuogesha anamchana nywele, hajaona muujiza wowote, mi huyo sidiriki kumwambia imani yake ni ndogo.

Ilitimia lakini. Mwaka 539 kabla ya Kristo Babeli ikaangukia mikononi mwa Koreshi mfalme wa Uajemi, akawaruhusu warudi, na Ezra 1 inataja kabisa kwamba ni neno la Bwana kwa kinywa cha Yeremia. Danieli naye aliisoma hiyo miaka 70, sura ya 9, na wala hakukunja mikono asubiri, akafunga, akavaa magunia.

Alafu Ezra 3, msingi wa hekalu umewekwa, watu wanashangilia, na wazee walioliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti, mpaka ikawa huwezi kutofautisha kilio na shangwe. Siku ahadi inatimia, bado kuna watu wanalia! Na hakuna aliyewanyamazisha.

Haya, wenye maombi nyoosheni mikono, tuanzie huko nyuma.