Anza na konekta, saketi baadaye

Haya jamani karibuni, tukae. Leo naongelea bodi za saketi za moduli, yaani badala ya kutengeneza bodi moja kubwa yenye kila kitu unakigawa kifaa chako vipande vipande, umeme bodi yake, mikrokontrola (kichipu ambacho ndo ubongo wa kifaa) bodi yake, sensa nazo bodi zao, alafu unazipachika pamoja kulingana na kifaa unachokitaka. Ninachokiamini nakisema mapema: kazi ngumu haiko ndani ya moduli, iko pale moduli mbili zinapokutana. Ukikosea ndani unabadilisha bodi moja, ukiikosea konekta umeharibu zote ulizonazo na zote utakazotengeneza kesho.

Chukueni Arduino Uno, ile bodi maarufu ya mikrokontrola, muitazame, pini zake zimepangwa kwa milimita 2.54 isipokuwa kati ya pini 7 na 8 ambapo kuna pengo la milimita 4 na kidogo, mpangilio umepotoka pale, na mpaka leo umebaki vilevile manake watu walishatengeneza bodi kibao za kupachika juu yake. Ndo nguvu ya konekta hiyo.

Sa mi konekta yangu ilinifunza kwa uchungu. Nilikuwa na konekta ya pini sita za kawaida, haina kizuizi chochote, usiku nikaipachika kinyume na volti 12 zikaingia kwenye waya wa data, sensa ikaungua na mikrokontrola ikaungua. Tangu hapo napanga hivi: graundi, yaani njia ya mkondo kurudi, naiweka pini ya 1 na ya 6, umeme pini ya 2, pini ya 5 naiacha tupu, data na kloku (mapigo ya kuratibu data) zinakaa 3 na 4. Ukigeuza, umeme unakutana na pini tupu, kifaa hakiwaki lakini hakuna kinachoungua. Haigharimu chochote, ni kupanga tu.

Umeme wenyewe. Ukisambaza volti 12 na kila moduli ikashusha yenyewe mpaka 3.3 kwa regyuleta ya kawaida, kile kichipu cha kushusha volti kwa kuichoma iliyozidi, moduli inayokula miliampia 200 inapoteza wati 1.74 kama joto tupu, kile kichipu hukigusi. Bora bodi ya umeme ishushe mpaka 5 kwa regyuleta ya kuswichi, ambayo inawasha na kuzima umeme haraka badala ya kuuchoma, ile iliyobaki kila moduli imalizie, hapo joto ni wati 0.34. Na ukiwa na redio ya Wi-Fi kama ESP32, watengenezaji wake wanashauri chanzo kiweze kutoa angalau miliampia 500, inakula kwa mikupuo, kwa hiyo zile graundi mbili nilizosema zinasaidia pia hapa, mkondo wa kurudi haubanwi kwenye pini moja.

Alafu kuna hii ya I2C, yaani njia ya chipu nyingi kuongea kwa waya mbilimbili zilezile, data na kloku, ambayo inasumbua watu wengi na hawajui kwa nini. Kila moduli unayoitengeneza unaiwekea rezista zake za kuvuta juu, zile zinazoishikilia laini kwenye volti ya juu, kilo-omu 4.7, ikiwa peke yake inafanya kazi safi kabisa. Ukiunganisha moduli sita rezista zote zinakuwa sambamba, unabaki na omu 783 hivi, na chipu ikitaka kushusha laini chini inabidi imeze karibu miliampia 4 wakati kawaida ya I2C kwa kasi za kilohezi 100 na 400 ni chipu kuhakikishiwa miliampia 3 tu. Inaanza kukosea mara moja moja, na unakaa siku tatu unailaumu programu! Rezista ziweke kwenye bodi ya mikrokontrola tu, kwenye moduli acha sehemu ya kuzipiga lehemu kama zitahitajika. Anwani nazo, yaani namba ambayo kila chipu inaitwa nayo kwenye waya hizo, hivyohivyo, sensa ya hali ya hewa kama BME280 ina anwani mbili tu za kuchagua, 0x76 na 0x77, basi acha kijisehemu cha kuunga kwa lehemu ili mtu achague.

Wapi ukate? Kata pale vitu vinapobadilika kwa kasi tofauti, sensa na redio zinabadilika kila mara, umeme mara chache. Ila usitenganishe chipu na kapasita yake ya kutuliza umeme, ya nanofaradi 100, hiyo ikae jirani kabisa na pini, wala regyuleta ya kuswichi na koili yake.

Sa nazipitisha hizi bodi mbili mzishike, jaribuni kuzipachika kinyume, ziko na umeme.